Aya Yangu Mdomoni mwa Jaji

Alhamisi, Machakos. Ukungu haujatoka kwenye vilima vya Iveti tangu asubuhi, na nina hasira nisiyojua nimwelekezee nani. Kwa kawaida najua.

Miaka ishirini na minne nimefundisha sayansi ya siasa, nikichambua katiba, sheria za kaunti na hukumu za mahakama. Nimewashambulia majaji kwenye blogu hii hadi baadhi yenu mkanionya. Chini ya ukali wote huo nilificha tamaa moja: siku moja jaji anukuu maandishi yangu.

Leo amenukuu.

Kesi ilikuwa ya akina mama wauza mboga katika soko la kaunti ambayo sitaitaja. Bunge la kaunti lilipitisha sheria ya kubomoa vibanda vyao bila kuwasikiliza. Mimi ndiye niliyewasukuma waende mahakamani. Niliwaambia katiba iko upande wao.

Jaji akasema, kwa Kiingereza, kwamba mwandishi mmoja mbobezi ameshaonyesha kuwa si kazi ya mahakama kuuliza bunge la kaunti limewasikiliza wananchi vipi. Hilo wataliuliza wapiga kura. Akasoma aya nzima. Niliitambua kabla hajafika katikati. Niliiandika zamani ili kumnyamazisha mwenzangu idarani, aliyedai kaunti haziwezi kujitawala.

Sikuiamini hata nilipokuwa nikiiandika. Nilitaka kushinda tu.

Kesi ikatupwa. Nje nikawaeleza wale mama hukumu kwa Kikamba. Kalekye, mwenyekiti wao, akaniuliza, "Mwalimu, huyo mwandishi ni wa huku kwetu?"

"Ni wa Nairobi," nikasema.

"Basi akae huko huko. Akija sokoni tutamuuzia sukuma wiki ya juzi."

Wenzake wakacheka, na uchovu wote ule. Mimi pia nikacheka. Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko hukumu yenyewe.

Wakili wao atakata rufaa, lakini tingatinga linakuja Jumatatu. Naikana aya ile hapa, mbele yenu nyote, na najua haisaidii. Ilikuwa hoja yangu. Sasa ni ya mahakama.

Tena Kalekye hasomi blogu.

Jumatatu nitafika sokoni kabla ya tingatinga, nimwambie mwandishi ni nani. Akinipimia sukuma wiki ya juzi, nitanunua.