Mafiga ya Mama

Mjukuu wangu Salma, mke mwenzangu,

Sisi hapa Barking wazima, ila nyumba imepoa tangu uende chuo. Umeniuliza tuliishije Pemba mafuta yalipokosekana.

Majiko ya mafuta ya taa yalipoingia, majirani walitupa mafiga, yale mawe matatu ya kupikia kwa kuni. Mama alinunua jiko, lakini mafiga hakuyatupa. Wakamcheka. Siku meli ilipokuja bila mafuta, mtaa mzima ulihamia uani kwetu na vyungu. Mama hakumsema mtu. Alisogeza kuni tu.

Leo petroli imeadimika London. Babu yako, mume wetu, yumo garini kwenye foleni tangu asubuhi, eti asikose sala ya Ijumaa. Na msikiti, mwanangu, nauona kutoka dirishani.

Bibi yako