Mama Alisema Nitapimwa

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo kabla sijafanya jambo la kujutia, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na siku ya hospitali inakaribia.

Mimi ni fundi cherehani, nina binti wa miaka saba mwenye usonji, na sikuandikii kumlalamikia, kwani mtoto huyu ndiye raha ya chumba changu cha kushonea, anakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa akipanga vifungo, mteja akiingia, mtoto anatoka huko chini na kusimama pembeni yangu, nikizungusha futi yangu ya kupimia na kusema "themanini na nne" naye anarudia "themanini na nne", nikisahau kutaja namba ananishika mkono, "Ngapi?", na haniachii mpaka niseme, wateja wamemzoea na wanamwita Fundi Mdogo, yupo mama mmoja hutaka namba ya kiuno chake inong'onezwe, lakini kwa Fundi Mdogo hakuna siri, ataitangaza mpaka barabarani wasikie.

Sasa ana mafindofindo, akilala anakoroma kama mtu mzima na pumzi inakatikakatika, daktari akasema yatolewe, ila kabla ya kulazwa lazima apimwe kwa kile kijiti chenye pamba kinachoingizwa puani. Basi asubuhi nikamwambia, "Mwanangu, leo tunakwenda kupimwa," akafurahi, akavaa viatu mwenyewe bila kusukumwa, tulipofika akasimama wima mbele ya nesi na kunyoosha mikono kama wateja wangu wanavyofanya, nesi akacheka, mimi nikacheka, mara kijiti hicho puani. Mshauri, alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, akamzaba nesi kofi, akaingia chini ya kiti, na huko chini akawa analia "Ngapi? Ngapi?", nikadhani anauliza vijiti vimebaki vingapi, nikamwambia kimoja tu mama, kimoja tu, ndiyo kwanza akazidi. Tukarudi bila kipimo.

Tangu siku hiyo akiiona futi yangu anaziba pua kwa mikono miwili. Mlango wa chumba cha kushonea haupiti, wateja wanaulizia Fundi Mdogo yuko wapi. Tumepangiwa siku nyingine wiki ijayo. Wifi yangu anasema tumviringishe kwenye shuka, yeye atashika miguu, eti mtoto hafi kwa kijiti. Baba wa mtoto, ambaye hawezi hata kumwona akichomwa sindano, anasema tumdanganye kwamba tunakwenda kununua viatu. Mimi nataka atibiwe apate usingizi, lakini naogopa nikimkosea mara ya pili hatarudi tena mezani kwangu. Nifanyeje?

Fundi wa Meza Tupu

*

Marahaba, mama fundi. Pole, na hongera pia, maana mtu anayeniandikia shida zake na katikati nikacheka kwa habari za kiuno cha mteja, huyo nyumba yake bado ina furaha.

Sasa kaa nikukaripie kidogo. Wewe unaishi kwa kupima watu. Mtoto wako amekua akilisikia neno hilo kutwa kucha, na kwenu kupimwa ni kuzungushiwa futi na kutajiwa namba. Ukamwambia anakwenda kupimwa, naye akajiandaa vizuri kuliko wewe, akanyoosha mikono. Akachomekwa kijiti puani, na namba haikutajwa. Ile "Ngapi?" ya chini ya kiti haikuwa ya vijiti, mama. Alikuwa anauliza kipimo chake, kama anavyokuuliza wewe kila siku. Mlikuwa watu wazima mmesimama pale, na hakuna aliyemtajia.

Kwa hiyo mtoto hana kiburi, wala hujamdekeza. Wifi yako mwambie kwa adabu kwamba shuka ni la kulalia. Mkimshika kwa nguvu kijiti kitaingia, sikatai, lakini baada yake kuna nguo za hospitali, kuna sindano, kuna dawa za kumeza, na mtamviringisha mara ngapi? Na baba yake aache habari ya viatu. Mtoto huyu analiamini neno kama lilivyo. Mmeshaliharibu la kupimwa, mkimharibia na la viatu mtamwona anatembea peku.

Fanya hivi. Nenda hospitali peke yako, mwone nesi yuleyule, anza kwa kumwomba radhi kwa lile kofi. Mwombe kijiti kimoja urudi nacho nyumbani. Muulize pia kama daktari atakubali kipimo kisichoingia ndani sana, maana mahali pengine hukubali na pengine hawakubali, na kuuliza si ujinga. Omba mtoto awe wa kwanza asubuhi, kabla watu hawajajaa na makelele yao.

Nyumbani, weka kijiti na futi kwenye meza ya chakula, maana kwenye cherehani haingii, na usiseme kitu. Akivisogelea bila kuziba pua, mpe futi akipime kijiti. Mwache yeye akipime kijiti kabla hakijampima yeye. Halafu akuguse nacho wewe puani, na usijifanye husikii chochote. Ukimgusa yeye, anza mkononi, kisha shavuni, kisha ukingoni mwa pua, kidogo kidogo, na akisema basi, iwe basi. Ndani usiingize, hiyo ni kazi ya nesi.

Neno kupimwa liachie futi. Hiki kiite kijiti cha pua. Wala usimwambie hakiumi. Mwambie kinawasha, macho yatatoa machozi, nesi atahesabu kwa sauti mpaka kumi, na akifika kumi kinatoka. Mwambie na nesi, asije akahesabu mpaka kumi na mbili. Mtoto akikataa siku hiyo, rudini nyumbani bila ugomvi, umuulize daktari njia nyingine. Zipo, ila mpaka aulizwe.

Na futi yako itie kwenye mkoba. Kijiti kikishatoka, usikimbilie mlangoni. Muulize kama yuko tayari, na akinyoosha mikono mzungushie futi palepale mbele ya nesi, kifua, kiuno, na urefu wake wote, maana ulimwambia atapimwa na mpaka leo hajapimwa. Akikuuliza "Ngapi?", mtajie namba, tena itaje mpaka barabarani wasikie.