Mzani wa Mama wa Bashay

Mama, shikamoo.

Huku Bashay manyunyu hayakatiki. Mkulima mmoja, mama mtu mzima, alininywesha chai ya maziwa vikombe viwili kabla ya kunionyesha vitunguu saumu anavyouza, na ukarimu ule ukanitia wasiwasi. Nikainamia gunia, nikanong'ona ile dua uliyonifundisha: Mungu anikinge na kudanganywa, na neema zisiniondoke.

"Unasema nini hapo, mwanangu?" akauliza. Nikamweleza.

Akaitikia, "Amina," kisha akaingia ndani, akatoka na mzani wake. "Tupimie huu. Hata mimi nina neema zangu."

Mzani wetu sikuutoa kwenye begi, maana unajua unavyopunja.

Jikinge vizuri na baridi, mama. Ukiswali, niombee na mimi nisidanganye.

Mwanao,
Salumu