Shangazi, Nimempata Aliyetengeneza Chombo Chako

Mpendwa Shangazi,

Chombo chako cha maua kimerudi nyumbani. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu hukupenda habari za kuzungushwa. Kiko mezani kwa Masika, binti yako, hapa Butembo, na hakina hata ufa.

Nimekuja kwake kwa siku chache, na nakitazama ninapoandika. Ni kile kile nilichokikuta nyumbani kwako Beni nikiwa mtoto: bluu ya wino, na mizabibu iliyochongwa ndani ya ule ubluu mpaka kioo cheupe cha chini yake kikatokea. Ulipewa na Mademoiselle, yule muuguzi Mbelgiji uliyefanya naye kazi ya kuzalisha kule Lubero, siku aliyoondoka nchini. Alikuambia tu kwamba kilipulizwa kwa mdomo wa mtu. Basi, ukashika hapo hapo. "Donc mutu huyo yuko na jina," ulikuwa ukiniambia.

Ulilitaka jina hilo maisha yako yote. Jumapili baada ya ibada ulikilaza juu ya kitambaa, ukaniita. "Weye uko na masomo. Tafuta." Nami nilitafuta. Katika kitabu cha picha kule misheni nilisoma kwamba kioo kilichomiminwa katika kalibu huacha mstari ubavuni, na chako hakikuwa na mstari. Nilisoma kwamba duara lililosagwa laini chini ya kitako ndipo palipokuwa pameshika fimbo ya chuma ya fundi. Kilichokosekana kilikuwa alama. Mafundi wengine walichonga jina, wengine walibandika karatasi ndogo tu. Nilipokusomea hayo, uligeuza uso ukatazama dirishani.

"Karatasi ilikuwako," ulisema mwishowe. "Kadogo. Niliisugua na muchanga siku ya kwanza, kama sufuria. Kitu ya kutoka mbali vile, unajua ilishikwa na nani?"

Tulicheka mpaka Masika akaja kuuliza kama tumekunywa divai ya meza ya Bwana.

Siku hiyo hiyo ulinishika kidole ukakipitisha chini ya jani moja la mzabibu. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, umepinda. "Hapa kuko kama kucha," ulisema. Mkwaruzo huo ulikuwa chini ya kila jani. Mpaka leo nautambua zaidi kwa kidole kuliko kwa macho.

Ulipofariki Vuhovi, ulikokwenda ukizikimbia risasi, barabara ilikuwa imefungwa na sikuweza kuja kukuzika. Nilikuwa nimebaki Beni, karani, commis kama wanavyoniita, katika ofisi ya wenye bunduki walioushika mji. Najua usingelipenda, lakini ndiyo ofisi pekee iliyokuwa ikifunguliwa asubuhi.

Baadaye Masika akaamua kuhamia Butembo. Alikifunga chombo katika kitenge, na kwenye kizuizi cha barabara askari wakakifungua. Walisema kitu kama hicho hakiwezi kuwa cha mwanamke anayeuza mafuta ya mawese, lazima kimeporwa katika nyumba ya mzungu wa kahawa. Wakakichukua. Siku chache baadaye niliingia kazini nikakiona juu ya meza ya komanda wangu.

Unanijua nilivyo mwoga. Nilisalimia, nikabaki nimesimama. Komanda alisema yuko na mtu wa kukipeleka Kampala, ila mnunuzi anataka kwanza kujua ni kazi ya nani.

"Commis, weye mutu ya masomo utaniangalilia. Lakini kwanza mwaga hii." Akanisukumia kisahani chake cha majivu ya sigara.

Nilikipeleka uani, nikakimwaga, nikakisuuza. Kumbe kilikuwa bluu, na mizabibu ile ile imechongwa ukingoni. Kwa majivu yale sikuwahi kuiona rangi yake. Kidole changu kikapita chini ya jani, kikaikuta ile kucha. Nikakigeuza. Palikuwa na duara lile lile lililosagwa, na kando yake, kwa herufi nyembamba, jina. Ni jina la mtu, Shangazi, pamoja na mji wake.

Nilisimama pale uani na jina ulilolitafuta, na sikufurahi hata kidogo. Nikilitamka mle ndani, chombo kitakwenda Kampala. Nikidanganya, kisha mtu mwingine akageuza kile kisahani, sijui nitapelekwa wapi. Nilikikausha kwa shati langu, nikarudi, nikakiweka mahali pake taratibu.

"Eh bien? Iko na cachet?"

Hilo ndilo aliloniuliza. Unazijua ofisi zetu, hata mbuzi havuki kizuizi bila karatasi yenye mhuri. Alikuwa amesahau swali la mnunuzi, akauliza la ofisini.

"Hapana, mon commandant. Haina cachet."

"Angalia muzuri. Huko chini."

Nilikigeuza chombo mbele ya macho yake, nikamwonyesha kitako chote. Nilikishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, naye akacheka.

"Commis anaogopa chupa! Bila cachet ni chupa tu, mutu ya Kampala atanicheka. Ilikuwa ya nani?"

Ningeweza kusema sijui. "Ni ya kwetu," nilisema, na sauti ilitoka ndogo. "Ni ya marehemu shangazi yangu."

"Na ulikuwa unanyamaza tu? Beba, itoke hapa. Lakini ujue, shangazi yako walimudanganya."

Sikukutetea. Nilikibeba kifuani, nikatoka.

Tangu siku ile mimi ndiye ninayemwaga majivu yake. Mlinzi wa mlangoni hunitania, "Commis amekuwa bibi ya komanda!" Namwacha acheke. Sitaki mkono mwingine ukigeuze kile kisahani.

Kwa hiyo jina sitaliandika hata humu, na Masika sijamwambia, maana habari yake yote huishia sokoni. Lakini juzi njia ya Vuhovi ilipitika, tukaja kaburini kwako. Najua kanisani hawapendi tuzungumze na wafu, na mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Nilisubiri Masika aende kuteka maji ya maua aliyokupandia. Kisha nikainama, nikakutajia jina la fundi wako na mji wake, polepole, kama ulivyopenda kusomewa Kifaransa.

Masika alikuwa nyuma yangu na ndoo.

"Uko unaongea na nani?"

"Nilikuwa ninaomba."

"Unaomba na Kifaransa?" Akatua ndoo chini. "Haya, maliza, tung'oe majani."

Pumzika, Shangazi. Nimemaliza.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea