Soya Iliyonyimwa Usiku

Nyumba ya Pembeni,
Nyuma ya Karakana ya Mbao,
S.L.P. 41.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa kitindamimba wangu,

Hujambo mwanangu? Unakula? Usinijibu "nakula", niambie unakula nini. Kifua kimepona? Fulana ya ndani unavaa? Sisi wazima, ila goti langu na mdomo wa baba yako; vyote viwili havipumziki.

Nina jambo la soya. Ile niliyoipanda mbele ya nyumba kwa ajili ya uji wa bibi yako, maana meno yake yamebaki mawili na hayaonani. Miezi mitatu imerefuka hadi begani mwangu, majani teletele, ua silioni hata moja! Ya nyuma ya banda la kuku, ambayo sijaigusa kwa jembe, ilichanua zamani.

Nikajua tu ni jicho la jirani yetu fundi cherehani. Alipita akasema, "Soya yako imenona, shoga." Wiki tatu sikuitikia salamu yake.

Bwana shamba akaja. Badala ya kuangalia chini, akaangalia juu, kwenye taa ya barazani. Kumbe soya inahesabu giza, mwanangu! Usiku ukiwa mrefu wa kutosha, ndipo inajua wakati wa kuzaa umefika. Baridi huichelewesha, joto huiharakisha, na joto likizidi maua hupukutika. "Lakini hapa si baridi wala joto, mama," akasema. "Ni taa. Umeinyima usiku tangu ichipue. Izime."

Nizime vipi? Taa ile inawaka tangu siku uliyoondoka, ili ukirudi ghafla usijikwae ngazini. Basi kila magharibi nikawa naifunika soya kwa shuka. Shuka zote za nyumba. Siku ya nne baba yako, aliyekuwa analala kajifunika gunia, akauliza, "Mke wangu, mgonjwa humu ni mimi au ni soya?" Akapanda kiti, akafungua balbu, akaitia mfukoni. Tukanuniana siku mbili.

Sasa ni wiki ya nne tangu balbu itoke. Jana asubuhi nakwenda kuokota mayai, napita mbele ya nyumba, naona vijiua vya zambarau, vidogo, vimejificha kwenye makwapa ya majani. Nikapiga vigelegele hadi fundi cherehani akatoka na tepu shingoni. Nimemwomba radhi. Amesema yameisha, ila shuka zangu ziliwatisha watoto wake.

Balbu ipo kabatini, ndani ya soksi yako. Soya inataka giza mpaka maganda yajae, kwa hiyo usije ghafla, mwanangu. Niandikie mapema siku utakayokuja. Au njoo mchana.

Bibi yako anakusalimu, ameshaosha kikombe cha uji. Baba yako pia, na fundi cherehani. Mungu akutangulie katika njia zako zote, zenye taa na zisizo na taa.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata gizani.