Kadi Kando ya Simu ya Baba

Jumatano baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Eufemia,

Naomba baraka zako kwanza, kisha nikuulize hali. Je, goti limekuachia, au bado unawadanganya masista wenzako kwamba haliumi? Na mashine yenu ya kuoka hostia za misa imepata fundi? Sisi huku tu wazima, ukiacha mambo nitakayokueleza. Baba ametimiza miaka themanini na minne na bado hataki kuambiwa kitu. Mwezi wa tatu wanaume wa bondeni walipofukua mfereji alikwenda nao, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwaamrisha tangu asubuhi, halafu aliporudi akasema kazi imemvunja mgongo. Amekufungia pilipili nyekundu za mwaka jana, utazikuta ndani ya kifurushi hiki. Anasema uwagawie wenzako kidogo tu, kwa sababu wengi wao ni watu wa mashariki na hawatajua thamani yake.

Nimengoja Kwaresima ipite kwa kuwa najua wakati huo hampokei barua. Afadhali ilikuwa hivyo, maana kama ningekuandikia mwezi wa pili ningekuandikia uongo. Baba alimwachia sista wa mlangoni ujumbe kwamba kaka yetu Mino aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu. Mguu ulivunjika kweli. Hayo mengine nitayaeleza kwa mpangilio, kama ninavyotoa taarifa kazini, kwani nikianza kwa kulia sitamaliza ukurasa.

Kazi yangu unaijua, ingawa sidhani kama umewahi kuielewa vizuri, wala sikulaumu. Mimi sitibu mtu. Katika idara yetu ya afya ya akili na ulevi madaktari na washauri ndio wanaokaa na wagonjwa. Mimi ni mkuu wa uendeshaji: nahakikisha chumba kipo, mshahara umelipwa, simu imepokelewa, na mgonjwa wa saa tatu hamkuti wa saa nne kwenye kiti chake. Baba huwatangazia watu nje ya kanisa kwamba binti yake ndiye bosi wa vichaa wa kaunti nzima. Nimemkataza mpaka nimechoka.

Nilipopewa cheo hiki, orodha ya wanaosubiri matibabu ilikuwa na watu mia nne na kumi na wawili. Mtu aliyejiandikisha leo alingoja wiki kumi na moja kumwona mshauri. Wengi wakiitwa hawapatikani, na nafasi zao zinapotea bure. Basi nikaweka utaratibu. Zamu ya mtu ikikaribia tunampigia simu mara tatu kwa siku kumi. Asipopokea, jina lake linaingia kwenye orodha ya Ijumaa inayoletwa mezani kwangu, mimi naidhinisha, na anapelekewa barua kwamba faili lake limefungwa. Barua hizo hutoka kwenye mashine zikiwa na sahihi yangu iliyochapwa. Katika mwaka mmoja na nusu tuliondoa majina mia mbili ishirini na sita, na wiki kumi na moja zikawa tatu. Makamishna wa kaunti walinipigia makofi, wakanipa kibao cha mti chenye jina langu. Picha ilitoka gazetini, na Baba akaibandika kwenye friji juu ya picha yako ya nadhiri. Nisamehe kwa hilo, sikuwepo.

Kuna jambo moja unapaswa kulijua ili uelewe yaliyofuata. Simu zetu tulizificha namba. Bahasha zetu zilikuwa nyeupe tupu, hazina jina la idara, hazina hata jina la mtumaji. Tulifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Huku kwetu, mtu akionekana na bahasha ya idara yetu saa nne, saa sita mama mkwe wake ameshapata habari, na jioni bonde zima linajadili ana ugonjwa gani. Tuliwaficha wagonjwa wetu vizuri mno.

Aliyenionya ni Bi Herminia, yule mama anayeshika simu pale mapokezi tangu mimi niko shule. Siku moja aliniletea orodha ya Ijumaa, akasimama mlangoni akiwa na miwani juu ya kichwa, akaniambia, bosi, hawa hawajapona, hawajapokea simu tu. Akasema hata yeye simu isiyo na namba haigusi, anajua ni matapeli. Nikamjibu kwamba tukianza kumsubiri kila asiyetaka kupatikana tutarudi tulikotoka. Akashusha miwani, akanitazama, akasema haya, bosi, wewe ndiye uliyesoma.

Sasa njoo nyumbani. Mwezi wa kumi tapeli mmoja alimpigia Baba akijifanya ni Mino, eti yuko mahabusu Texas, atumiwe pesa za dhamana haraka. Baba alikuwa ameshavaa kofia aende benki, ndipo Mino mwenyewe akaingia kutoka bustanini akiuliza kama kuna kahawa. Tulicheka, lakini mimi niliogopa. Nikamnunulia Baba simu ya mezani yenye kioo kinachoonyesha namba ya anayepiga, na kando yake nikabandika kadi niliyoiandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: SIMU ISIYOONYESHA NAMBA USIPOKEE. BARUA ISIYO NA JINA LA MTUMAJI TUPA KWENYE KASHA LA KUWASHIA MOTO. Baba alifurahi kupewa amri iliyoandikwa. Unamjua, akiamini jambo halibishi.

Mwanzoni mwa Desemba, bila kuvutwa sikio na mtu yeyote, Mino alishuka mjini akaenda ofisini kwetu. Alichagua siku niliyokuwa mkutanoni mji mkuu wa jimbo. Akajiandikisha apate msaada wa kuacha pombe, na akaacha namba ya simu ya mezani ya Baba, kwa kuwa simu ya mkononi haishiki kule bondeni. Hakumwambia Baba wala mimi. Alitaka amalize miezi michache kwanza, halafu anishangaze siku ya Pasaka. Akaacha kunywa siku hiyohiyo, peke yake, akingoja kuitwa, huku akiendesha lile lori la kusukuma theluji kila alfajiri.

Siku ya Mwaka Mpya nilikwenda kula nao. Tukiwa mezani Baba akanipa taarifa kifua mbele, kwamba wale matapeli wamepiga tena mara tatu, bila namba, na mara zote tatu amewaacha wabweke. Nikacheka, nikamwongezea supu ya mahindi, ile posole yake, kwenye bakuli. Mino wakati huo alikuwa nje akipasua kuni.

Barua ilifika katikati ya Januari na ikaenda ilikoamriwa kwenda. Mino aliikuta mwisho wa mwezi alipokuwa akiwasha jiko, akaona bahasha ina jina lake. Alikuwa na wiki nane hajagusa pombe. Siku ile mchana alichukua gari la Baba akaenda kunywa, na wakati wa kurudi akaliingiza kwenye mfereji ulioganda. Facundo, jirani yetu wa ng'ambo, alimkuta kulipokucha. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na baridi ilikuwa imeua vidole viwili vya mguu huohuo, ikabidi vikatwe. Kwenye kazi ya lori wameshamwondoa. Alinusurika kwa sababu mbwa wa Facundo hakunyamaza, dada, basi.

Hospitali walinipa mfuko wa vitu vyake. Ndani kulikuwa na koti, funguo, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua nikasoma maneno yangu mwenyewe: kwa kuwa hatukuweza kukupata tunachukulia kwamba huhitaji tena huduma zetu, tunakutakia kila la heri. Chini yake, Casilda Archuleta, na ile C yangu kubwa ambayo wewe ulinifundisha. Muuguzi aliniletea kiti bila kuombwa.

Mino alipoamka hakunigombeza. Alisema tu kwamba alijua ningeona aibu jina letu kuwa kwenye orodha yangu, ila alidhani ningemwambia usoni, nisimwandikie kama mtu baki. Nikamweleza kuhusu mashine, na simu zilizofichwa namba, na kadi ya Baba. Kisha akaniuliza, kwa hiyo hukuniona? Nikamjibu hapana, sikukuona. Akanishika mkono, akasema basi, Casi, usilie, ni bahati mbaya.

Kesho yake niliingia kwa mkurugenzi wetu, Daktari Lindqvist, nikamweleza kwamba utaratibu wangu unaua watu kimyakimya, nikamwachia barua ya kujiuzulu mezani. Aliisoma, akaitia kwenye droo, akasema nitaondoka nikishatengeneza nilichoharibu, si kabla. Siku hizi simu zetu zinaonyesha namba, na bahasha zina jina la ofisi za kaunti, ambalo linaweza kuwa la kodi ya nyumba au la leseni ya mbwa. Bi Herminia ndiye kiongozi wa kuwatafuta wale mia mbili ishirini na sita, mmoja mmoja. Mpaka jana amewapata mia moja na arobaini. Baadhi wamehama, baadhi wamejisaidia wenyewe, wanne wamefariki na hatujui kama sisi tumo ndani ya vifo hivyo. Kila jioni ananiletea karatasi na kuniwekea mbele.

Orodha imerudi kuwa ya watu mia mbili na sabini. Kamishna mmoja aliuliza kwenye mkutano wa hadhara, kwa kejeli, kama kile kibao nacho nitakirudisha. Nilikuwa nimekuja nacho kwenye mkoba, nikakiweka mezani mbele yake.

Kadi niliibandua mwenyewe. Baba akaniuliza kwa nini, nikaona simdanganyi mzee wa umri ule, nikamwambia zile simu tatu zilikuwa za nani. Nikamwambia kosa si lake, amri zote mbili nilizitoa mimi. Alivaa kofia, akasema, mimi nilidhani nailinda nyumba. Akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Siku Bi Herminia alipopiga ni yeye aliyepokea kabla mlio wa pili haujaisha, na akamwita Mino kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Facundo. Sasa Mino anakwenda kila Jumanne, kwa magongo. Anayosema huko siyajui wala hayanihusu.

Mpaka hapa, Eufemia, ndivyo kila mtu anavyojua, na ndivyo ningependa na wewe ujue. Lakini kuna kitu sijakisema kwa Mino, wala kwa Baba, wala kwa Lindqvist.

Niliiona. Orodha ya Ijumaa haina majina kamili, ina jina la ukoo, herufi moja na mwaka wa kuzaliwa. Mstari wa nne kutoka chini uliandikwa Archuleta B., 1979: herufi ya jina la ubatizo la Mino, na mwaka wake. Kalamu yangu ilisimama hapo. Nikajiambia akina Archuleta ni wengi kaunti hii, labda ni binamu Baltazar, ambaye najua kabisa amehamia Denver zamani na amezaliwa baada ya Mino. Kanuni zetu zinanikataza kufungua faili la ndugu, na kanuni hizohizo zinanitaka nikimshuku ndugu nimwambie mkurugenzi, naye aliangalie yeye. Ingechukua dakika tano, mlango wake uko mkabala na wangu. Jumatatu nilikuwa na makamishna, nilikuwa nimewaahidi orodha itashuka chini ya mia moja, na kwa karatasi ile ilikuwa imefika tisini na saba. Na niliona aibu, Mino hakukosea. Nikaidhinisha, nikaenda kula chakula cha mchana, na nilikula nikamaliza.

Kwa hiyo aliponiuliza kama sikumwona, nilimdanganya mtu aliyelala kitandani bila vidole viwili, naye akanifariji. Ile faraja siwezi kuibeba tena.

Jumapili baada ya misa nitamwambia. Nimeshajiambia hivyo Jumapili sita zilizopita. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, na barua naitia posta leo kabla sijabadili mawazo. Facundo atamleta Mino kwenu mwezi wa tano, siku yenu ya wageni. Akikaa mbele yako muulize nimemwambia nini. Kama hajui, mpe barua hii aisome pale pale.

Baba anakusalimu sana, na anauliza kama kweli mlangoni kwenu wanapima pilipili kabla ya kuwaletea. Facundo na mkewe wanakusalimu. Mbwa wao siku hizi analishwa mifupa na Baba kila siku, amenenepa hata kubweka anaona uvivu. Jitunze goti. Niombee, lakini usinionee huruma upesi.

Ni mimi mdogo wako, na sahihi hii nimeiweka kwa mkono,

Casilda