Wimbo Ambao Mume Wangu Alioteshwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha, kama anavyojulikana. Umri: miaka 41. Kazi: fundi cherehani, hushona mavazi ya waigizaji. Makazi: ghorofani, juu ya studio ya mumewe.

Mtuhumiwa, mtunzi wa muziki wa filamu, ni mume wangu. Aliyelazwa hospitali ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimeelezwa kwamba naweza kunyamaza. Nimechagua kusema.

Mama yetu alipopooza hakuweza kutamka neno, aliguna tu. Mdogo wangu alikaa kando ya kitanda na gitaa, akaufuata mguno ule mpaka ukawa wimbo. Kila Mama alipousikia, alitulia. Baada ya mazishi ya Mama, mume wangu akamwambia mdogo wangu, "Shemeji, niazime huo wimbo, kuna filamu naifanyia kazi. Jina lako litakuwepo."

"Chukua, shem. Si sisi kwa sisi?"

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, alasiri, tulikwenda wote watatu kwenye tuzo za filamu. Tuzo ya wimbo bora uliotungiwa filamu akapewa mume wangu. Alimshukuru mwongozaji, dereva, hata daktari wake wa meno. Kisha akasema, "Wimbo huu nilioteshwa." Ukumbi mzima ukasimama. Mdogo wangu alibaki ameketi.

Tulimfuata chumba cha nyuma ya jukwaa. Mdogo wangu hakupaza sauti.

"Hongera, shemeji. Tuzo kaa nayo. Rudi tu useme ile sauti ni ya mama yetu."

Mume wangu akacheka. "Mama yenu alikuwa anaguna, bwana. Muziki nimeutia mimi."

Mdogo wangu akamshika mkono amrudishe jukwaani. Mume wangu akamtwanga kwa ile tuzo ya shaba, sikioni. Daktari anasema sikio hilo halitasikia tena.

Mume wangu ameandikisha kwamba shemeji yake aliteleza. Jana jikoni akaniambia, "Sema aliteleza, mke wangu, tusiivunje nyumba." Hakuteleza. Chini kulikuwa na zulia. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Leo asubuhi nilipita hospitali. Mdogo wangu aliniomba nimwimbie, akanigeuzia sikio lililobaki. Sauti haikutoka.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Sahihi: (imewekwa)

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake, hakubadilisha neno. Mumewe, aliye nje kwa dhamana, alikuwa akimsubiri getini na gari. Shahidi ameomba kutokea mlango wa nyuma. Ameruhusiwa.